Risasi Tatu Hazitoshi: Kupima Risasi Ulizojaza Mwenyewe

Picha ni ile ile kila mara: karatasi nyeupe, duara jekundu, matundu matatu yanayogusana, na sarafu ya senti 25 imewekwa pembeni ili mtu aone udogo wa kundi. Chini yake mwenye picha ameandika uzito wa baruti, aina ya kichwa cha risasi, na neno moja la ushindi. Marafiki wengi wamenitumia picha za namna hii, na siku hizi nikiipokea nauliza swali moja tu: nyingine ziko wapi?

Rafiki yangu wa Arusha, tunayeishi naye mji mmoja hapa Texas, alinitumia ya kwake mwanzoni mwa kiangazi. "Kaka, nimeipata. Bunduki yangu imechagua baruti yake." Nikamjibu, "Hongera sana kaka. Sasa jaza nyingine saba vile vile, zipige kwenye karatasi hiyo hiyo, uniletee tuone." Wiki iliyofuata alikuja nayo imekunjwa mfukoni. Kundi la risasi kumi lilikuwa pana zaidi ya mara mbili ya lile la tatu. Hakuna alichokosea. Bunduki ni ile ile, baruti ile ile, mkono ule ule. Hivyo ndivyo bunduki yake inavyopiga tangu mwanzo, na zile tatu za kwanza hazikuwa na uwezo wa kumwambia.

Haya yananigusa kwa sababu watu wazima, waangalifu, wanaopima baruti hadi sehemu ya kumi ya greni (kipimo kidogo cha uzito wa baruti na vichwa), huharibu kazi yao yote hatua ya mwisho. Wanajaza kwa uangalifu wa mfamasia, halafu wanahukumu kwa matundu matatu. Baada ya hapo wanaingia msituni na jibu ambalo halipo.

Kwa asiyeifahamu kazi yenyewe, niieleze kwa ufupi. Risasi ina vitu vinne: ganda, fataki inayowasha baruti, baruti yenyewe, na kichwa kinachoruka. Ganda ni la shaba ya manjano, kwa kawaida asilimia 70 shaba nyekundu na asilimia 30 zinki, na linaweza kutumika tena na tena. Ukishafyatua, unalirudisha nyumbani, unalisafisha, unalipitisha kwenye kalibu ya chuma ili lirudie umbo lake, unakata shingo ikiwa imerefuka, unaweka fataki mpya, unamimina baruti iliyopimwa kwenye mizani, kisha unakandamiza kichwa kipya kwa kina unachokitaka. Kwa .308 Winchester, kaliba iliyoingia sokoni mwaka 1952 na ninayoitumia mimi, ganda halitakiwi kuzidi urefu wa inchi 2.015, na shinikizo la juu linalokubaliwa na SAAMI, chombo cha viwanda vya silaha na risasi vya Marekani, ni pauni 62,000 kwa inchi mraba. Shinikizo hilo linatokea sentimita chache mbele ya shavu lako. Ndiyo maana makala hii haitakuwa na kipimo hata kimoja cha baruti. Fungua kitabu cha mtengenezaji wa baruti yako, anza na kipimo chao cha chini, panda taratibu.

Na ndugu zangu mlioko nyumbani: hapa Marekani sheria ya shirikisho inamruhusu mtu kujaza risasi za matumizi yake mwenyewe bila leseni, lakini akitaka kuziuza lazima awe na leseni ya mtengenezaji. Tanzania, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, mambo ni tofauti kabisa, na Kenya pia. Kutengeneza risasi bila kibali ni kosa. Someni kwa ajili ya elimu, msijaribu.

Turudi uwanjani. Uwanja wangu wa shabaha una meza za zege chini ya paa la bati, na karatasi zinasimama yadi 100, 200 na 300. Nafika mapema asubuhi kabla upepo haujaamka. Mbele ya bunduki naweka egemeo zito la chuma lenye mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga. Nyuma, chini ya kitako, naweka mfuko mwingine wenye umbo la masikio ya sungura. Bunduki inalala humo bila kushikwa kwa nguvu. Kiganja cha kushoto kinaubana mfuko wa nyuma, na kwa kuubana na kuulegeza ndipo msalaba wa darubini unapopanda na kushuka juu ya karatasi. Ukiangalia vizuri utaona msalaba unaruka kidogo kila moyo unapopiga. Hapo ndipo unapojua kama umeegemea meza kupita kiasi.

Msimamizi akitangaza kusitisha, kila mtu anafungua bolti, komeo la chuma nyuma ya mtutu, anachomeka bendera ya plastiki kwenye chemba ambamo risasi hukaa, anarudi nyuma ya mstari uliochorwa sakafuni, na hakuna anayegusa silaha mpaka walioenda kubadilisha karatasi wamerudi. Napenda muda ule. Mitutu inapoa, na mtu anapata nafasi ya kuandika.

Kila risasi naiandika kabla sijafyatua nyingine: kasi yake, mahali ilipoingia, na kama msalaba ulikuwa pale nilipotaka wakati kilimi cha kufyatulia kinaachia. Kwa kasi natumia rada ndogo inayokaa mezani. Vifaa vya zamani vilitaka risasi ipite juu ya vihisi viwili vilivyosimamishwa mbele ya mtutu, na jua likibadilika navyo vilibadilika. LabRadar, kisha Garmin Xero iliyotoka mwishoni mwa 2023, zimeifanya kazi hii kuwa nyepesi. Lakini kifaa chepesi kimeleta balaa lake, nalo nitalirudia.

Pembeni mwa karatasi ninapanda vijiti viwili vyenye utepe wa plastiki kuonyesha upepo. Watu wengi wanaamini yadi 100 ni karibu mno kwa upepo kuwa na maana. Kichwa cha greni 168 kutoka .308, kikikatwa pembeni na upepo wa maili 10 kwa saa, kinasogea karibu robo tatu ya inchi kwa umbali huo. Anayelinganisha makundi ya nusu inchi bila kutazama utepe analinganisha upepo wa saa mbili na upepo wa saa tatu, halafu anaisifu baruti.

Sasa tufike penye kiini. Wapigaji hupima kwa dakika ya pembe, ambayo kwa yadi 100 ni inchi 1.047, na wengi wetu tunaiita inchi moja. Ukubwa wa kundi ni umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi, kati hadi kati. Kipimo hiki ni rahisi, lakini kina tabia moja isiyosemwa vya kutosha: kadiri unavyopiga risasi nyingi, kundi linakua, na hilo halina uhusiano wowote na bunduki kuharibika. Kwa bunduki ile ile inayotawanya risasi kwa namna ya kawaida, kundi la risasi tano kwa wastani huwa kubwa kuliko la tatu kwa zaidi ya robo. La kumi huwa kubwa kuliko la tatu kwa karibu asilimia 58. Kwa hiyo anayesema bunduki yake ni ya nusu inchi kwa risasi tatu, na anayesema yake ni ya robo tatu ya inchi kwa risasi kumi, wa pili ndiye mwenye bunduki bora.

Wastani wenyewe si tatizo kubwa kama utawanyiko wa makundi. Makundi ya risasi tatu yanayumba kupita kiasi. Mkengeuko wake (kiasi ambacho makundi huachana na wastani kwa kawaida) ni zaidi ya theluthi ya wastani wake. Yaani bunduki ambayo wastani wake ni inchi moja kwa risasi tatu itakupa kundi la inchi 0.6 leo na la inchi 1.4 kesho, na yote mawili ni ya kawaida kabisa. Ni sawa na kuonja sufuria la pilau la harusi kwa punje tatu za mchele.

Usiniamini kwa maneno. Jaza risasi 30 zinazofanana kwa kila kitu: maganda ya aina moja, baruti ya kopo moja, fataki za boksi moja, vichwa vya boksi moja, siku moja, mkono mmoja. Zigawanye makundi kumi ya tatu tatu, uyape majina ya kubuni kana kwamba kila kundi lina uzito wake wa baruti. Nenda uwanjani ukayapige kwenye karatasi yenye shabaha kumi. Mimi nimefanya hivyo. Kundi dogo kuliko yote lilikuwa chini ya nusu inchi, ambalo mtu yeyote angelitundika ukutani. Kubwa lilizidi inchi moja na robo, ambalo mtu yeyote angelitupa. Katikati kulikuwa na mawili matatu mazuri yaliyofuatana, na mtazamaji angeapa kwamba bunduki imepata "mahali pake". Tofauti kati ya makundi hayo haikuwa na chanzo chochote ndani ya ganda, maana ndani ya maganda vitu vilikuwa vile vile. Nilipoyalaza makundi yote kumi juu ya nukta moja ya kulenga, nikapata wingu lenye upana wa inchi moja na robo tatu hivi, nene katikati, jembamba pembeni. Wingu lile ndilo bunduki yangu na risasi zangu. Yale makundi madogo yalikuwa vipande vyake tu.

Ndiyo maana nina wasiwasi na majaribio ya ngazi. Njia hii imehusishwa kwa muda mrefu na Creighton Audette, mpigaji wa Marekani aliyeheshimiwa sana. Mtu anajaza risasi zinazopanda uzito wa baruti kidogo kidogo, anazipiga mbali, yadi 200 au 300, kisha anatafuta mahali ambapo risasi kadhaa zimeingia karibu kimo kimoja japo baruti imeongezeka. Hapo, inasemwa, mtutu unatikisika kwa namna inayosamehe. Mitutu inatikisika kweli, hilo lina vipimo. Lakini ukipiga risasi moja moja kwa kila uzito, ukaona tatu zimekaa kimo kimoja, una njia gani ya kutofautisha msamaha wa mtutu na bahati ya risasi tatu? Rudia ngazi hiyo siku nyingine. Kama kituo kile kile kimejitokeza mara ya pili na ya tatu, nitavua kofia. Wengi hawarudii. Wanakata tiketi kwa ngazi ya kwanza na kuanza kuwashauri wengine.

Na hapa ndipo rada inapoleta balaa. Inakupa namba, na namba inaonekana ina mamlaka. Mtu anapiga risasi tano, rada inamwambia mkengeuko sanifu wa kasi ni futi 10 kwa sekunde, naye anaandika 10. Kwa risasi tano, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 6 na 29 kwa uhakika wa asilimia 95. Anayetupa baruti yenye 14 na kuchukua yenye 10 kwa risasi tano tano ametupa na kuchukua kwa kura ya macho yaliyofumbwa. Namba ya kasi ina kazi yake kubwa, lakini kazi hiyo iko mbali. Kwa yadi 100, tofauti ya futi 30 kwa sekunde karibu haionekani kabisa kwenye karatasi. Kwa yadi 600, kwa kichwa kile kile cha greni 168, inashusha risasi karibu inchi tatu. Anayewinda yadi 150 na kukosa usingizi kwa ajili ya mkengeuko wa kasi anajitesa bure.

Mtu ninayemheshimu kuliko wote katika habari hizi ni daktari wa Milford, Massachusetts, aliyeitwa Franklin Mann. Alisomea udaktari, lakini fedha zake zilitokana na mashine ya kusaga mifupa kwa ajili ya chakula cha kuku, na fedha hizo alizimimina kwenye swali moja: kwa nini bunduki iliyofungwa imara, isiyoguswa na mkono unaotetemeka, haiingizi risasi zote kwenye tundu moja? Alijenga nguzo nzito ya zege aliyoifananisha na mwamba wa Gibraltar, akaweka juu yake egemeo lenye umbo la herufi V, na mtutu ukalala humo. Alizungushia uwanja wake kibanda kirefu kuzuia upepo. Kando ya njia ya risasi alipanga karatasi laini moja baada ya nyingine, risasi ipenye zote, ili aone inavyopinda na kuyumba hatua kwa hatua badala ya kuona tu ilikofikia.

Halafu akafanya jambo ambalo wachache wana moyo nalo. Aliharibu risasi kwa makusudi. Nyingine alizichonga ncha, nyingine alizikata kitako upande mmoja, akazipiga na kupima. Zilizochongwa ncha zilikwenda karibu vizuri. Zilizoharibiwa kitako zilipotoka, na zilipotoka kuelekea upande unaoweza kutabirika. Kitako kilichopinda kinaachia gesi upande mmoja kabla ya mwingine wakati risasi inatoka mdomoni mwa mtutu, na gesi hiyo inaisukuma. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1909, pamoja na majaribio mengi yaliyoshindwa kumpa jibu. Makosa yaliyobaki bila maelezo aliyaita kosa X, akayaacha wazi kwenye karatasi. Kila mara ninaponunua vichwa na kuvikagua vitako kabla ya ncha, nafanya hivyo kwa sababu ya daktari yule.

Linganisha na sifa nyingine mashuhuri. Tarehe 2 Julai 1860, Wimbledon, Uingereza, Malkia Victoria alifungua mashindano ya kwanza ya chama cha taifa cha walenga shabaha kwa kupiga risasi moja kwa bunduki ya Whitworth, umbali wa yadi 400. Bunduki ilikuwa imetegwa kwenye egemeo la chuma na Joseph Whitworth mwenyewe, na malkia alivuta kamba ya hariri. Risasi iliingia inchi moja na robo tu kutoka kitovu. Bunduki ya Whitworth ilikuwa bora kweli, na majaribio mengine ya wakati ule yalionyesha hivyo. Lakini risasi ile moja, iliyosimuliwa kila mahali, haikuthibitisha lolote kuhusu ubora huo.

Hata kwenye kilele cha mchezo huu mambo ni hayo. Mwaka 1973 Mac McMillan alipiga risasi tano kwa yadi 100 kwenye kundi la inchi 0.009. Rekodi hiyo ilidumu miaka 40, hadi 2013 Mike Stinnett alipopiga kundi la inchi 0.0077. Wote wawili ni wapigaji wa hali ya juu wenye silaha za hali ya juu. Na bado, kundi kama hilo ni moja kati ya maelfu na maelfu yaliyopigwa na wapigaji wa ngazi hiyo kwa miongo kadhaa. Ndiyo maana mashindano yao hutoa pia ushindi kwa wastani wa makundi mengi, na ushindi huo ndio unaonionyesha nani ana bunduki na nani ana siku.

Sasa kuhusu risasi iliyotoka. Kila mpigaji anaijua: nne zimekaa pamoja, ya tano imeruka pembeni. Mkono unakwenda wenyewe kuifunika na kusema, "Hii ni mimi, nilivuta vibaya." Kanuni yangu ni kali na siilegezi. Kama nilijua nimevuta vibaya, nilisema hivyo kwa sauti na kuandika kabla sijatazama kwenye darubini ya uchunguzi. Ikiwa nilitazama kwanza ndipo nikakumbuka kwamba nilivuta vibaya, risasi hiyo inahesabiwa. Mara nyingi mno iliyotoka ni sehemu halali ya wingu, ule ukingo wake mwembamba, na ukiifuta unafuta habari pekee ya maana uliyoipata asubuhi hiyo.

Kuna jambo moja linalohusu joto ambalo watu wa nchi zetu walipaswa kulijua kuliko wote. Baruti ikipata joto huwaka kwa nguvu zaidi, na shinikizo hupanda. Waingereza walilikuta hilo India na Afrika walipotumia kodaiti, baruti yao ya wakati ule: risasi iliyokuwa salama kiwandani kwao kwenye baridi ilileta maganda yaliyonasa kwenye chemba chini ya jua la tropiki. Mojawapo ya sababu za maganda makubwa ya risasi zao za wanyama wakali, kama .416 Rigby ya mwaka 1911, ni kubakiza shinikizo chini ili ganda litoke hata joto likiwa kali na nyati akiwa karibu. Leo zipo baruti zilizotengenezwa zisiyumbishwe sana na joto, kama Varget inayotengenezwa Australia, nchi ambayo nayo inalijua jua. Hazijaondoa tatizo lote. Texas mwezi wa nane, risasi zilizoachwa juu ya meza ya zege upande wenye jua zinafika joto ambalo mkono hautaki kushika. Mimi naziweka kwenye boksi lenye mfuniko, kivulini, na siingizi risasi kwenye chemba iliyochemka mpaka niwe tayari kufyatua. Risasi iliyokaa dakika tatu ndani ya chemba ya moto huku mtu akisubiri upepo utulie si risasi ile ile tena, na mara nyingi inaingia juu ya wenzake.

Basi ninachofanya mimi ni hiki. Naanza na kipimo cha chini cha kitabu, napanda kwa hatua, risasi moja moja, nikitafuta dalili za shinikizo tu: fataki iliyobapa, bolti iliyo nzito kuinuka, alama inayong'aa kwenye kitako cha ganda. Sitafuti usahihi hapo. Nikishajua ukomo salama uko wapi, nachagua uzito chini yake unaonipa kasi inayotosha kazi yangu, kisha najaza kumi na kuzipiga kwenye karatasi moja, polepole, mtutu ukipewa nafasi ya kupoa. Kama kumi za kwanza ni mbaya, naachana nazo. Hapa risasi chache zinatosha, maana kundi baya haliwezi kupona kwa kuongezwa risasi. Kama ni nzuri, napiga kumi nyingine siku nyingine. Silinganishi umbali wa matundu mawili yaliyoachana zaidi peke yake. Natafuta katikati ya wingu, napima kila tundu liko umbali gani kutoka hapo, na kuchukua wastani. Kipimo hiki kinatumia matundu yote kumi, kile cha kawaida kinatumia mawili tu na kuyatupa manane uliyoyalipia.

Gharama? Ndiyo, vichwa bora si rahisi, na fataki katika miaka ya karibuni zimekuwa na bei ya kuumiza. Lakini anayepiga makundi ya tatu tatu kwa uzito wa baruti kumi na mbili tofauti ametumia risasi 36 na hana jibu. Kwa 20 mimi nina jibu, hata kama si la kupendeza.

Wawindaji huniambia sehemu ya moyo na mapafu ya kulungu wa mkia mweupe ina upana wa inchi nane, kwa nini tujisumbue? Wana haki nusu. Kwa yadi 200, bunduki inayopiga inchi mbili kwa yadi 100 kwa risasi kumi bado inamtosha mnyama, na kukimbizana kutoka inchi 0.9 hadi 0.6 hakumsaidii kulungu wala mwindaji. Kinachomsaidia ni kujua ukubwa halisi wa wingu na kujua katikati yake iko wapi. Kurekebisha darubini kwa risasi tatu ni kurekebisha kwa kitovu kinachoyumba: unasogeza mibofyo miwili kushoto, kesho unasogeza mmoja kulia, na mwezi mzima unaifukuza bahati. Piga kumi, tafuta katikati, sogeza mara moja, acha.

Halafu kuna risasi ya kwanza kutoka kwenye mtutu wa baridi, ambayo kwa mwindaji ndiyo yenye uzito wote. Kwa hiyo nina karatasi moja ninayoitunza. Kila nifikapo uwanjani, kabla ya chochote kingine, napiga risasi moja tu kwenye karatasi hiyo, naandika tarehe na joto pembeni ya tundu, naikunja na kuirudisha kwenye begi. Msimu unapofika nina kundi lililojengwa kwa miezi, kwa asubuhi za baridi na za joto, kwa siku nilizolala vizuri na nilizolala vibaya. Ni pana kuliko kundi lolote ninaloweza kulipiga kwa saa moja, na ndilo ninalolitumia kuamua mwisho wa umbali wangu wa kufyatua.

Kopo langu la baruti liko karibu kwisha. Jipya nimeshalinunua, jina lile lile, lakini namba ya toleo iliyochapwa pembeni ni tofauti, na matoleo hutofautiana kidogo kwa kasi ya kuungua. Kwa hiyo sitalimimina juu ya lile la zamani. Nitashuka chini ya kipimo changu, nipande tena kwa hatua nikiangalia fataki, kisha nijaze kumi, na kumi nyingine baada yake.